Wachwezi na Siri ya Embandwa

Sisi wa Nyaishozi tumelelewa na masimulizi ya Wachwezi: ya kwamba hawakufa bali walitoweka, na Wamara, mfalme wao, yungali akitawala kuzimu. Kwa ajili yao embandwa walimwingiza mtu chamani kwa siri, wakamwapisha asitoe neno nje.

Huko Uganda, Ntusi palikaliwa na wafugaji tangu karne ya 11, na Bigo pana mahandaki makubwa sana. Wenyeji husema ni kazi ya Wachwezi. Yaliyofukuliwa ni mifupa ya ng'ombe na vigae, wala hapana jina lililoandikwa. Je, walikuwa wafalme kweli? Yamkini, lakini aliyeapa kunyamaza hakuthubutu kuuliza.

Basi mzee aliyeapa ujanani akija darasani, tusimlazimishe kufunua siri. Tumwulize kwanza kama angali anaogopa.