Leo ya Nani? Wakati na Chanzo katika Habari za Korosho Mtandaoni: Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri
Makala hii inachunguza namna habari za bei ya korosho zinavyopoteza wakati na chanzo zinaposambazwa katika mitandao ya kijamii. Tunashikilia kwamba kazi ya mwanahabari wa mtandaoni ni kuvirejesha viwili hivyo.

1.0 Utangulizi
Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, pamoja na wenzao wa Liwale, huuza korosho kwa minada kupitia chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI. Bei hubadilika mnada hata mnada. Mnamo Oktoba 2018 wakulima wa Kusini walizikataa bei za wanunuzi. Tarehe 12 Novemba Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima anayepokea bei isiyo na tarehe aweza kuikataa bei nzuri, au kukopa kwa kutegemea fedha zisizokuja.

2.0 Uchambuzi
Tutazame mifano tuliyoitunga:
(1) Leo bei imepanda.
(2) Inadaiwa bei imepanda.
(3) Chama kikuu kimetangaza kwamba bei ya juu katika mnada wa Oktoba 20 imezidi ile ya mnada uliotangulia.

Maana ya "leo" hutegemea siku ya usemaji. Redioni, "leo" ilikwisha pamoja na taarifa ya habari. Katika simu husafirishwa hadi juma lijalo ikiwa bado "leo". Aidha, (1) haisemi ni bei ipi: ya juu, ya chini, au inayomfikia mkulima baada ya makato. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilifanya uchapishaji wa taarifa za uongo kuwa kosa. Lakini (1) yaweza kuwa kweli ilipoandikwa, ikapotosha bila mtu ye yote kusema uongo.

Katika (2), kiambishi i- hakimrejelei mtu, na kauli ya kutendwa humwondoa mdai. Mfano (3) pekee waweza kuhakikiwa.

3.0 Chanzo kilichofichwa
Je, kila chanzo kitajwe? La. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums mwaka 2006, alikamatwa Desemba 2016 baada ya mtandao huo kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Vyombo vya Habari na Kamati ya Kuwalinda Wanahabari ya New York. Hapa yafaa kutofautisha: mwanahabari anayeandika "inadaiwa" anamjua mdai na anamlinda, anayesambaza tu hamjui. Sarufi yao ni moja, dhamana yao ni mbili.

4.0 Hitimisho
Mitandao imemfikishia mkulima habari upesi, lakini upesi huo umezitenga habari na siku yake na msemaji wake. Wanaofundisha Kiswahili cha uanahabari hawana budi kuanzia hapo: tarehe badala ya "leo", na mtenda badala ya "inadaiwa", isipokuwa pale ambapo kumtaja ni kumhatarisha.