Mgeni Jukwaani: Chale, Mapenzi na Hadhira katika Mchezo wa Blind Date

Katika mafunzo ya fasihi simulizi, hadhira hai hutajwa kuwa sifa bainifu: huitikia, hupiga makofi, hata huingia uwanjani. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa fanani ana wajibu gani kwa mtu anayemtoa katika hadhira hiyo. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Blind Date, mchezo wa chale uliobuniwa na Rebecca Northan wa Kanada.

Mchezo huu ulianza mwaka 2007 jijini Toronto ukiwa onyesho fupi la dakika 10 hivi, kisha ukapanuliwa hadi kufikia dakika 90. Mhusika mkuu ana gauni jekundu, lafudhi ya Kifaransa na pua nyekundu ya chale. Yumo mkahawani akimngojea mwanamume asiyewahi kumwona. Mwanamume haji. Ndipo anapomwomba mtazamaji mmoja akikalie kile kiti kitupu. Tangu hapo, mazungumzo yote hubuniwa papo kwa papo.

Jina la mhusika huyu ni Mimi. Ni jina la Kifaransa, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hivi hivi: anayetafuta mapenzi hapa ni nafsi ya kwanza, bila kificho. Jacques Lecoq, aliyefungua shule ya uigizaji mjini Paris mwaka 1956, aliiona pua ya chale kuwa barakoa ndogo kuliko zote. Kinaya ni kwamba barakoa hii haifichi, bali hufichua. Mimi amekwisha kuonyesha upweke wake kabla ya kumwita mtu yeyote. Kwa hiyo kicheko cha kwanza kinamwangukia yeye, si mgeni wake.

Aidha, kando ya jukwaa pana sehemu maalumu ambapo wawili hao huweza kutoka mchezoni, wakazungumza kama watu wa kawaida iwapo mgeni ametahayari. Northan alifunzwa katika Loose Moose, Calgary, kundi lililoasisiwa na Keith Johnstone na wenzake mwaka 1977, na katika uigizaji wa papo kwa papo kumwezesha mwenzako kung'ara ni kanuni ya msingi.

Je, hayo yanatosha? Yawezekana kuhojiwa kwamba kukataa mbele ya ukumbi mzima ni vigumu, hivyo ridhaa ya mgeni si kamili. Hoja hii ina uzito, na sehemu ile ya kando haiifuti, inaikiri tu. Lakini kuikiri ni hatua ambayo fanani wengi hawaichukui.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi hupona upweke wake kwa muda wa onyesho. Methali haisemi lolote kuhusu kupona kwa mgeni. Jukumu hilo limeachiwa fanani. Amemkopa mtu heshima yake hadharani, na hana budi kuirejesha ikiwa kamili kabla taa hazijazimwa.