Ubao Usilale Kazini: Somo la Kuandika Programu

Najua kuna atakayeuliza: makala ya mitambo yanatafuta nini katika jarida la lugha? Jibu langu ni fupi. Kuandika programu ni kutoa amri, na amri haitolewi ila kwa lugha. Anayeagiza vibaya huletewa asichokitaka. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba mwanafunzi anayeanza, akiyaandika maagizo yake kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi, ataliona kosa kabla hata hajaugusa mtambo.

Kifaa chenyewe

Ubao ninaouzungumzia ni Arduino Uno R3. Kazi ya Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, nchini Italia, ili wanafunzi wasio mafundi wapate kifaa rahisi cha kujifunzia. Ubao wenyewe haufiki hata sentimita 7 kwa urefu. Juu yake kuna chipu moja iitwayo ATmega328P, na saa yake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. Pembeni kuna pini 14 za kuwasha na kuzima vitu au kupokea habari, na pini 6 za kupimia volti.

Usidhani ni tarakilishi kama zile tunazozijua. Hauna kioo wala kibodi. Unaandika programu kwenye tarakilishi, unaipeleka ubaoni kwa waya, basi. Tangu hapo ubao hubeba programu hiyo moja tu. Umeme ukiingia unaanza kazi, na ukifika mwisho wa maagizo unayarudia tena na tena mpaka umeme ukatwe.

Mfano wetu: kivuko cha barabara

Sisi wa shule ya kutwa barabara tunaijua. Asubuhi tunaivuka, jioni tunaivuka, na wadogo zetu wa chekechea vilevile. Kwa hiyo tuchukue mfano wa taa za kivuko, tuziunde mezani. Taa ya njano iwake sekunde moja na kuzima sekunde moja, ili kuwaonya madereva. Mtoto akibonyeza kitufe, taa nyekundu iwake kwa sekunde 10, magari yasimame, naye avuke.

Hebu tuandike maagizo kwa Kiswahili:

1. Washa taa ya njano.
2. Ngoja sekunde moja.
3. Zima taa ya njano.
4. Ngoja sekunde moja.
5. Tazama kitufe. Kama kimebonyezwa, washa taa nyekundu kwa sekunde 10.
6. Rudi nambari 1.

Yasome kwa sauti. Yanapendeza, sivyo? Vitabu vingi vya wanaoanza huanza hivi hivi, na neno la "ngoja" huandikwa delay(1000), yaani milisekunde 1,000. Lakini hapa ndipo neno linapotudanganya. Mtu anayengoja matatu stejini macho yake yako wazi. Ukimsalimu ataitika, na mvua ikianza atakimbilia kibandani. Ubao haungoji namna hiyo. Ukiambiwa delay(1000), programu inasimama pale pale. Haitazami kitufe, haiwashi taa nyingine, haifanyi lolote mpaka sekunde iishe. Kwa Kiswahili cha kweli, agizo hilo si "ngoja". Ni "lala".

Basi futa "ngoja", andika "lala", kisha soma tena: Washa taa. Lala sekunde moja. Zima taa. Lala sekunde moja. Tazama kitufe. Kumbe! Kitufe kinatazamwa mara moja tu kila baada ya sekunde mbili, tena kwa nukta ndogo sana. Tuseme mtoto anabonyeza kwa sehemu ya tano ya sekunde, kisha anatoa kidole. Sehemu ya tano ya sekunde ni moja ya kumi ya sekunde mbili. Maana yake, katika kila watoto kumi, ni kama mmoja tu atakayesikika. Wale tisa watasimama wakidhani wameshaomba njia. Asiyekuwepo na lake halipo, na aliyelala ni kama hayupo.

Dawa yake ni kutazama saa

Mama akiinjika maharagwe hakai akiikodolea sufuria macho. Anatazama saa, anafagia, anaosha vyombo, mgeni akibisha anafungua. Kila baada ya kazi anaitazama saa tena: je, wakati umefika? Haya ndiyo tunayotaka ubao uyafanye.

Bahati nzuri ubao unahesabu milisekunde tangu umeme ulipoingia. Ukitaka kujua hesabu imefika wapi, unauliza kwa millis(). Jibu linapatikana papo hapo, bila kulala. Tuandike upya:

1. Tazama saa. Ikiwa sekunde moja imepita tangu taa ya njano ilipobadilika, ibadilishe, na ukumbuke saa hiyo.
2. Tazama kitufe. Ikiwa kimebonyezwa, kumbuka kwamba kuna ombi, na limekuja saa ngapi.
3. Ikiwa kuna ombi na sekunde 10 zimepita, lifute.
4. Kama kuna ombi, taa nyekundu iwake. Kama hakuna, izime.
5. Rudi nambari 1.

Tafuta neno "lala" humo, hutaliona. Ubao sasa unauzunguka mduara huu maelfu ya mara kila sekunde, kwa hiyo hata kidole chepesi namna gani kitaonekana. Sasa tuyageuze maagizo yawe programu:

const int TAA_NJANO = 12;
const int TAA_NYEKUNDU = 11;
const int KITUFE = 2;
unsigned long saaYaTaa = 0;
unsigned long saaYaOmbi = 0;
bool inawaka = false;
bool ombi = false;

void setup() {
  pinMode(TAA_NJANO, OUTPUT);
  pinMode(TAA_NYEKUNDU, OUTPUT);
  pinMode(KITUFE, INPUT_PULLUP);
}

void loop() {
  if (millis() - saaYaTaa >= 1000) {
    saaYaTaa = millis();
    inawaka = !inawaka;
    digitalWrite(TAA_NJANO, inawaka);
  }
  if (digitalRead(KITUFE) == LOW) {
    ombi = true;
    saaYaOmbi = millis();
  }
  if (ombi && millis() - saaYaOmbi >= 10000) {
    ombi = false;
  }
  digitalWrite(TAA_NYEKUNDU, ombi);
}

Yaliyo ndani ya setup hufanywa mara moja, umeme unapoingia. Yaliyo ndani ya loop ndiyo yanayorudiwa. Maneno kama if na void ni ya lugha yenyewe ya programu, hatuwezi kuyabadilisha. Lakini saaYaTaa, inawaka na ombi ni visanduku vya kuwekea kumbukumbu, na majina yake tunajichagulia sisi. Ubao haujali ukikipa kisanduku jina la Kiswahili. Angalia tu usiache nafasi katikati ya jina, na ukumbuke kwamba ombi na Ombi ni majina mawili tofauti. Jina zuri humsaidia hata yule ambaye hajawahi kuandika programu. Mwalimu wa Kiswahili akisoma "ombi" atajua ni ombi la nani.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, ukubwa wa kisanduku. Katika ubao huu, kisanduku cha aina ya int hakipokei namba inayozidi 32,767. Milisekunde zinafika hapo kabla ya sekunde 33 kwisha, kisha hesabu inaharibika. Ndiyo sababu saa tumeiweka katika unsigned long, ambayo hujaa baada ya siku 50 hivi na kuanza tena sifuri. Hata ikianza upya, hesabu yetu haivurugiki, mradi tutoe saa ya zamani kutoka kwa saa ya sasa kama tulivyofanya.

Pili, kitufe. Unganisha upande mmoja na pini 2, na wa pili na pini iliyoandikwa GND. Neno INPUT_PULLUP huivuta pini hiyo juu kitufe kikiwa hakijaguswa. Kikibonyezwa pini inashuka, na ndiyo maana tunatafuta LOW, si HIGH. Bila kuvutwa hivyo, pini isiyounganishwa popote huelea, na ubao unaweza kuona ombi wakati hakuna aliyebonyeza.

Tatu, taa. Taa ndogo za LED hazipendi umeme mwingi. Kila moja iwekee rezista ya omu 220. Taa nyekundu inayotumia volti 2 kati ya zile 5 za ubao itapitisha miliampea 14 hivi, na hapo taa na pini zote mbili ziko salama. Pini moja haifai kubebeshwa zaidi ya miliampea 20.

Neno la mwisho

Tumefundishwa kwamba subira huvuta heri. Naam, kwa binadamu ni kweli, kwa kuwa binadamu husubiri akiwa macho. Mtambo unaosubiri usingizini unamwacha mtu nje ya mlango. Mtoto aliyebonyeza kitufe ametimiza wajibu wake, na ana haki ya kusikika. Kama hakusikika, lawama si ya ubao. Ni ya yule aliyeuagiza ulale.

Kwa hiyo, wenzangu, hata kama zamu yako ya tarakilishi ni dakika chache tu kwa juma, karatasi na kalamu unazo kila siku. Andika maagizo kwa Kiswahili, yasome kwa sauti, na kila penye "ngoja" jiulize: nimemwambia angoje, au nimemwambia alale?

Mazoezi

1. Ongeza kengele inayolia na kunyamaza kila nusu sekunde wakati taa nyekundu inawaka, bila kutumia delay.

2. Mtoto mtukutu amekibonyeza kitufe na hataki kukiachilia. Kwa programu yetu, ombi linaanza upya kila mara na magari hayatapita kamwe. Utaongeza sharti gani ili mtoto asikike, na dereva naye apate zamu yake? Jibu liandike kwa Kiswahili kwanza.