Upepo na Maji Juu ya Nyanda za Causses

Swali: Kwa nini nyanda za Causses, karibu na mji wa Millau nchini Ufaransa, huwavutia warukaji wa paraglaidi, na mtembeaji ajihadhari na nini?

Jibu: Causses ni nyanda za juu za mawe ya chokaa zilizokatwa na makorongo ya mito Tarn na Jonte. Jua linapozipasha moto kuta za makorongo, hewa iliyo karibu nazo huwa nyepesi na kupanda, na mkondo huo ndio unaoliinua paraglaidi, yaani bawa la kitambaa lisilo na injini. Tumbusi, waliorudishwa huko kuanzia 1981, huutumia vivyo hivyo, na mizunguko yao humwonyesha mrukaji hewa inapopanda. Mtembeaji hana budi kubeba maji, kwa kuwa mvua hupenya upesi katika nyufa za chokaa, na vidimbwi vilivyosakafiwa na wachungaji ni vya kunywesha kondoo.