Nzi wa Maembe na Harufu Zinazowaita

Kila msimu wa maembe Bwana Shamba husikia malalamiko haya: "Nimetundika mtego, umejaa nzi tele, na bado maembe yangu yana funza." Mkulima asemaye hivyo hasemi uongo, wala hakuuziwa dawa mbovu. Mtego wake umekamata madume peke yao, na madume hawatagi mayai. Funza wametoka kwa majike, na majike hawakuuona mtego.

Ili uelewe jambo hili, toa nzi mmoja mtegoni umtazame. Akiwa na mistari ya manjano mgongoni, mabawa maangavu na alama nyeusi tumboni, huyo ni nzi mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya na Tanzania mara ya kwanza mwaka 2003. Nzi wetu wa asili wa maembe ni mdogo kuliko yeye, ana rangi ya manjano, madoa meusi mgongoni, na mabawa yake yana mabaka.

Chambo kinachotumika sana katika mitego huitwa methili eujenoli. Harufu yake inaelekea ile ya karafuu, na kimo pia ndani ya baadhi ya mirehani. Dume wa nzi mgeni akikinusa huja mbio na kukilamba. Hakiendei kwa njaa. Akiisha kukila, mwili wake hukigeuza kuwa manukato ya kuitia majike, akayaweka katika kifuko kidogo mwishoni mwa tumbo. Jua likitua, madume hukaa majanini wakipepesa mabawa ili harufu ile isambae hewani, na majike huifuata. Dume aliyelamba chambo hupata wake kwa urahisi kuliko yule ambaye hakulamba. Basi ujihadhari: chambo kilichotundikwa wazi mtini, bila sumu wala kopo la kuwafungia nzi, ni kama kuwapa wachumba mahari. Sumu ikiisha nguvu, badilisha mara moja.

Kila aina ya nzi ina harufu yake na saa yake. Nzi wa Mediterania, ambaye hushambulia hata kahawa, hupandana mchana, na dume wake huvutwa na chambo kingine kiitwacho trimedilua. Nzi wetu wa asili wa maembe naye hajali methili eujenoli. Dume wake hufuata asetati ya terpinili. Kwa hiyo mtego mtupu haukuhakikishii kuwa shamba ni safi. Labda umemwita mtu kwa jina lisilo lake.

Harufu hizi zimewasaidia wataalamu pia kumaliza ubishi. Mwaka 2005 nzi mgeni alipewa jina jipya, akadhaniwa kuwa aina ya peke yake. Baadaye wataalamu wa nchi mbalimbali waliwaweka nzi wa Afrika na wale wa Asia pamoja. Wakapandana bila kubaguana, watoto wao wakazaa, na manukato ya madume yakaonekana kuwa na viungo vile vile. Mwaka 2015 jina jipya likafutwa: ni nzi mmoja. Lakini nzi wa karambola wa Asia, ambaye kwa macho ni kama pacha wake, alibaki na jina lake, maana akila chambo kile kile hutengeneza mchanganyiko mwingine wa harufu. Faida kwako ni hii: njia zilizofaa kwa nzi huyu huko Asia na Pasifiki zafaa kujaribiwa shambani kwako.

Hata hivyo, usitegemee kuua madume tu. Tuseme shamba lina madume 100 na mtego umeua 90. Kumi waliobaki wanatosha, kwa kuwa dume mmoja hupanda majike wengi. Tena majike waliokwisha kupandwa huruka kutoka shamba la jirani. Katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, nzi hawa waliangamizwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa methili eujenoli iliyochanganywa na sumu. Lakini kile ni kisiwa, na chambo kilitupwa kwa ndege kila mahali. Mkulima mwenye miembe ishirini hawezi kufanya hivyo peke yake. Ongea na jirani zako, mtundike mitego siku moja.

Majike uwatafute kwa njaa yao. Kabla ya kutaga wanahitaji chakula cha protini ili mayai yakomae. Chambo cha protini chenye dawa hunyunyizwa kidogo tu, mahali pamoja katika kila mti, chini ya majani au kwenye shina. Usiloweshe mti mzima. Rudia kila wiki tangu maembe yakiwa machanga. Fuata maagizo ya kwenye chupa, wala usishike dawa kwa mikono mitupu.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote haina gharama, na ndiyo watu wanayoiacha. Embe lililoanguka lina funza ndani. Wakishiba hutoka, hujichimbia udongoni, na baada ya siku chache wanakuwa nzi. Okota maembe yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki. Yafukie katika shimo la futi mbili, au yatie katika mfuko mweusi wa plastiki, ufunge mdomo barabara na kuuacha juani mpaka funza wafe. Usiyatupe kando ya shamba.

Mtego wako uhesabu kila wiki siku ile ile, uandike hesabu katika daftari. Paka grisi kwenye waya uliotundikia, kwa maana siafu na sisimizi hula nzi waliokufa na kukuharibia hesabu.