Hasira Hungoja Kibali Chetu

Mvuvi akikuta nyavu zake zimekatwa usiku, moyo humwenda mbio na damu humpanda. Je, amekwisha kukosa? Seneca, mwenye hekima wa Roma aliyekufa mwaka 65 kwa amri ya Kaisari Nero, asema la. Alimwandikia ndugu yake Novatus vitabu vitatu juu ya hasira. (Novatus huyo ndiye Galio, liwali wa Akaya, aliyekataa kumhukumu Mtume Paulo huko Korinto.) Afundisha kwamba mshtuko wa kwanza haumo katika uwezo wetu. Hasira yenyewe yaanza pale akili inapokubali kwamba tumedhulumiwa na kwamba yafaa kulipiza. Kwa hiyo dawa yake kubwa ni kukawia.

Fundisho hili latuhusu sana sisi wa pande za ziwa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto amefariki, baba ana uchungu. Anakwenda kwa mpiga ramli, naye amtaja bibi kizee jirani mwenye macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa mafiga, maana penye uhaba wa kuni watu hupikia samadi na mabua. Uchungu wa baba ulikuwa wa kweli. Hukumu ndiyo iliyokuwa ya uongo. Seneca asema kwamba hata kesi ya fedha kidogo hatuikati bila shahidi. Basi imekuwaje roho ya mtu ikakatwa kwa neno la ramli?

Hatumfuati Seneca katika yote. Yeye ataka hasira ing'olewe kabisa, bali Mtakatifu Toma wa Akwino akubali kwamba hasira inayotii akili yaweza kuwa njema, nasi twaona mauaji hayo yastahili hasira ya namna hiyo.

Lakini desturi yake moja yafaa kila nyumba. Usiku, taa ikiisha kuondolewa, na mkewe aliyemjua akinyamaza, aliipitia siku yake nzima asijifiche neno: nani alimsemesha kwa ukali kupita kiasi, nani alimwonya hata akamchukiza badala ya kumtengeneza. Kisha akalala.