Somo la Kichina: Kupokea, Kuridhia na Kupatana

Ndugu wanachama, madaktari wa Kichina walianza kuja kutibu Unguja na Pemba mwaka 1964, lakini wengi wetu lugha yao twaijua kwa salamu tu. Leo twataka kujifunza maneno ya kukubali, kwani asiyeyajua aweza kupata hasara sokoni.

Tuanze kwa wakulima wenzetu wa kahawa, Bukoba na Muleba. Mgeni akiingia nyumbani kwa Mhaya huletewa buni zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha zikaanikwa. Huzipokea, akatafuna. Hapo amekubali ukarimu. Je, shauri lililomleta limekubaliwa? La, bado halijatajwa. Kwa shauri Wahaya wana neno okwikiliza, ambalo pia ni kuamini. (Nasi wa karafuu tusione wivu: zamani za utawala wa Han, watumishi wa mfalme wa China walitia karafuu kinywani kabla ya kusema naye.)

Wachina nao hutenganisha mambo haya. Jieshou ni kupokea kilichotolewa: zawadi, mwaliko, hata masharti. Katika maandishi yao neno hili lina alama ya mkono. Yuanyi ni kuwa radhi, na kwa maandishi yatumikayo China leo, kila moja ya sehemu zake mbili ina alama ya moyo chini yake. Mtu aweza kupokea bei asiyoiridhia. Aliyewahi kuuza kwa dhiki hahitaji kuelezwa.

La tatu ni tongyi. Tong ni sawa, yi ni nia. Basi ni kuwa na nia moja, yaani kupatana. Hili ndilo tulitakalo.

Hatari imo katika neno dogo, hao, "vyema". Mkulima ataja bei, mnunuzi ajibu, "Hao, hao," mkulima aenda kufunga magunia! Pengine mwenzake amesema tu kwamba amesikia. Muulize: "Ni tongyi ma?" yaani, wakubali? Akijibu "Tongyi," andikianeni. Akijibu "Wo kaolü yixia," asema atafikiri kidogo. Gunia liache wazi.

Tena sikilizeni sauti. Mai ya kushuka kisha kupanda ni kununua; mai ya kushuka tu ni kuuza.

Zoezi: mtu akuambia, "Wo yuanyi mai." Yuko radhi kufanya nini, nawe utamwuliza swali gani kabla ya kupima mzigo?